Simu ya zamani na laini ya kulipia kabla Marekani: ipi inapiga, ipi inabaki kuwa tochi

Kipanga_614 (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa mliofika Marekani karibuni na mnaojiandaa kuja. Maswali ninayopata faragha ni yale yale: "Nije na simu yangu?" "Dukani wanataka kunipa simu ya bure, nisaini?" Nimeona tuyaweke hapa mezani, na wenye ujuzi kunizidi waongezee.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Usisaini. Tafuta simu iliyotoka miaka mitano sita nyuma, isiyofungwa mtandao wowote, weka laini ya kulipia kabla, siku ukichoka na kampuni unachomoa laini unahamia kwingine bila kumuaga mtu. Sharti ni moja tu, na hapo ndipo wengi wanapopigwa: hiyo simu lazima iweze kupiga kwa VoLTE, yaani sauti inayopita juu ya 4G (LTE), kwenye mtandao huo huo unaotaka kuutumia. Kuwa na 4G peke yake hakutoshi.

Kwa nini VoLTE? Zamani simu ilikuwa inatumia 4G kwa intaneti, ukipiga tu inashuka 3G kwa ajili ya sauti, ukikata inapanda tena. Hapa hiyo 3G ya kushukia haipo, makampuni makubwa matatu ya simu yote yameizima. AT&T walizima yao tarehe 22 Februari 2022, T-Mobile wakafuata Julai mwaka huo huo, Verizon wakamalizia 31 Desemba. Kwa hiyo simu isiyojua kusafirisha sauti juu ya 4G ukiipigisha inabaki inazubaa. Data inakula vizuri, YouTube inacheza, ila simu ya kawaida haitoki wala haiingii. Mtu anadhani laini mbovu.

Kwa iPhone mstari uko wazi: kuanzia iPhone 6 ya mwaka 2014 VoLTE ipo, 5s kurudi nyuma haipo. Ila msikimbilie iPhone 6 kwa sababu ya bei. Iliishia iOS 12, na WhatsApp tangu Mei 2025 inataka iOS 15.1 kwenda juu. Utakuwa na simu inayopiga lakini haina WhatsApp, na sisi bila WhatsApp tutaongeaje na nyumbani? 6s, 7 na ile SE ya kwanza zinafika iOS 15, zinapumulia hapo hapo.

Samsung nayo angalia herufi za mwisho za modeli. Chukua S9: SM-G960U ni ya makampuni ya Marekani, G960U1 ni ya Marekani iliyotoka kiwandani bila kufungwa, G960F ni ya nje. Zikiwa mezani huwezi kuzitofautisha kwa sura. F ikifika huku inasumbua, hasa kwa AT&T, kwa sababu AT&T wana orodha ya simu wanazozikubali na isiyomo ndani ya orodha hawaipi sauti hata kama ina uwezo. Orodha wameiweka wazi kwenye tovuti yao, isome kabla hujatoa hela.

Sasa hiyo "bure". Ule mkataba wa kizamani wa miaka miwili makampuni makubwa waliuacha karibu miaka kumi iliyopita. Siku hizi simu unakopeshwa, deni linagawanywa kwa miezi 36 AT&T na Verizon, 24 T-Mobile, na kila mwezi wanakurudishia kipande kwenye bili ili ionekane hulipi. Ukiondoka katikati marejesho yanakatika na salio la deni linabaki lako. Ofa nono nazo mara nyingi zinataka uwe kwenye kifurushi cha bei ya juu, na simu inabaki imefungwa mpaka umalize. Zaidi ya hapo wanakagua historia yako ya mikopo, ambayo mgeni huna, kwa hiyo unaombwa amana. Laini ya kulipia kabla haiulizi historia ya mtu.

Karibuni.

---

MamaFuraha_Lex

Bwana asifiwe ndugu zangu. Asanti kwa mafundisho. Mimi niko Lexington, Kentucky, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Nilikuja na Tecno yangu, ingali mupya kabisa. Nikiwa ku nyumba ya Wi-Fi, WhatsApp inapita muzuri. Nikitoka inje, intaneti mara inakuya mara inapotea, na kupiga ya kawaida inakatala kabisa. Shule ya mutoto inanipigia haiingii, wananiambia "tulikutafuta". Mutu wa duka akasema simu imekufa, ninunue ingine ya dola 600. Ni kweli imekufa?

---

Kipanga_614

Shikamoo Mama Furaha. Simu yako haijafa, usimpe huyo mtu dola 600.

Tecno za kwetu zimetengenezwa kwa masafa ya kwetu. Afrika na Ulaya 4G kwa kiasi kikubwa inapita bendi ya 3, 7, 20 na jamaa zake. Marekani ni 2, 4 na 66, halafu zile za chini zinazopenya kuta na kufika mbali: 12, 13 ya Verizon, 71 ya T-Mobile. Simu yako pengine inashika bendi moja mbili tu kati ya hizo, ndiyo maana nje inakuja na kupotea. Na hata pale inaposhika, sauti inagoma kwa sababu ya hiyo VoLTE niliyoeleza juu.

Jambo la kukufanya uharakishe si shule peke yake. Ni 911, namba ya dharura. Sheria ya huku inataka simu yoyote iweze kupiga 911 hata kama haina laini iliyolipiwa, lakini simu isiyo na njia ya kupitisha sauti kwenye minara iliyopo haiwezi kupiga popote, 911 ikiwemo. Nyumba yenye watoto isikae na simu ya namna hiyo peke yake.

Halafu ulizia Lifeline. Ni mpango wa serikali kuu, unapunguza dola 9.25 kwa mwezi kwenye bili ya simu, na kuna kampuni kama SafeLink na Assurance Wireless zinazoutumia kukupa laini bila malipo. Kama nyumba yenu inapata SNAP (msaada wa chakula) au Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) mnaingia, ila ni laini moja kwa kaya. Simu wanazotoa ni dhaifu, lakini laini ni laini. Ukisikia watu wanataja msaada mwingine wa dola 30 wa intaneti, huo uliisha 2024, usipotezewe muda na mtu anayekuambia anaweza kukuandikisha.

---

Mzee_wa_Bili

Mleta mada unapiga debe sana. Mimi nipo Dallas, naendesha magari ya kusambaza chakula. Nilikuwa na laini ya bei chee. Jumamosi jioni mpira ukiisha watu wakamwagika barabarani, ramani inazunguka tu, oda inasoma "loading" mteja ananuna. Jamaa pembeni yangu, mnara huo huo, yupo kwenye bili ya kila mwezi, anapeta. Nikahama. Sasa tuko laini nne na familia, kwa kichwa bei imekaribiana na hizo zenu. Cha bei chee kina sababu yake.

---

Kipanga_614

Mzee, hapo nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Hizi kampuni ndogo hazina minara, zinakodi. Mint na Tello wanapita T-Mobile, Cricket ni ya AT&T, Visible ni ya Verizon. Mint yenyewe T-Mobile waliinunua, dili likakamilika 2024. Mnara ukielemewa, mwenye kulipa bili kubwa anahudumiwa kwanza, wa bei chee anasubiri kwenye foleni. Sauti haiathiriki sana, data ndiyo inayoumia.

Kwa hiyo kama ugali wako unategemea ramani kufunguka saa ya msongamano, usinisikilize mimi, au tafuta kifurushi cha kulipia kabla kinachotaja data ya kipaumbele. Visible+ wanacho. Na familia ya laini nne, piga hesabu yako, inawezekana kabisa bili ya pamoja ikawa nafuu. Ila hata wewe, mbona usiende huko na simu zako mwenyewe mlizozinunua? Kitanzi hakipo kwenye laini, kipo kwenye simu ya mkopo.

---

Mzee_wa_Bili

Hilo la simu sina ubishi. Kijana wangu alichukua "ya bure" na tumefungwa naye mpaka mwaka kesho.

---

Fundi_Aggrey

Naomba niingilie kutoka upande wa pili wa bahari. Mimi nipo Kariakoo, mtaa wa Aggrey, hizi simu zenu zinapochoka huko zinaishia kwenye meza yangu. Nimesoma uzi wote, mleta mada ametoa elimu, ila kuna vitu mnavyotufanyia mnapotuma mizigo naomba mvisikie.

Kwanza, iPhone 14 kwenda juu za Marekani hazina tundu la laini. Apple waliliondoa kwenye simu za soko hilo 2022, ni eSIM tupu, laini iliyo ndani ya simu isiyochomekwa. Mtu anamtumia mzazi wake zawadi, mzee anafika kwangu ameshika laini ya plastiki mkononi, anaigeuza simu upande huu na ule anatafuta pa kuchomeka. Nampa pole. eSIM zipo huku, lakini mzee wa Kilosa anayebadili simu kila ikianguka kwenye ndoo hataki habari za kwenda dukani kuhamishiwa laini kwa msimbo wa QR. Mtumieni 13 kurudi nyuma.

Pili, simu iliyofungwa mtandao. Mnasema "fundi utafungua". Fundi hafungui. iPhone inafunguliwa na kampuni iliyoifunga, kwa kuiruhusu kwenye mfumo wa Apple, basi. Anachokufanyia mtu wa mtaani ni kukuwekea kile kichipu chembamba cha R-SIM, kinakaa chini ya laini kinaidanganya simu kwamba laini ni ya kule kwao. Inafanya kazi mpaka siku unasasisha iOS usiku, asubuhi unaamka na "SIM Not Supported". Halafu lawama kwa fundi.

Tatu, iCloud. Toka kwenye akaunti yako kabla hujaifunga kwenye begi. Kuifuta data hakutoshi, ikiwashwa itauliza nenosiri la mwenyewe. Android nazo zinauliza akaunti ya Google iliyokuwemo. Nina droo nzima ya simu nzuri zilizogeuka vipuri kwa sababu hiyo.

---

Kipanga_614

Fundi, heshima yako. Hiyo post ibandikwe juu.

Niongezee tu namna ya kujua kama imefungwa kabla ya kununua. iPhone: Settings, General, About, shuka chini mpaka "Carrier Lock". Ikiandika "No SIM restrictions" hiyo ni huru. Ikiandika chochote kingine, muuzaji akuapie vipi, imefungwa. Samsung na wengine njia isiyo na ubishi ni kuweka laini ya mtandao tofauti na aliokuwa anatumia muuzaji.

Na ukikutana na muuzaji, tuseme kwenye maegesho ya Walmart, fanya hivi: weka laini yako, subiri ishike, zima Wi-Fi, halafu piga namba yoyote huku macho yako kwenye kona ya juu ya kioo. Ikibaki LTE au 5G wakati inaita, sauti inapita VoLTE, umepona. Alama ya LTE ikipotea na simu ikazubaa, mrudishie simu yake kwa adabu. Halafu bonyeza *#06#, chukua IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, iingize kwenye stolenphonechecker.org ya CTIA, chama cha makampuni ya simu, uone kama imeripotiwa kuibwa, ni bure.

Kufungua kwenyewe ni haki yako kisheria. Kuna sheria Obama aliisaini tarehe 1 Agosti 2014, baada ya kipindi kifupi ambapo kujifungulia simu mpya bila ruhusa ya kampuni ilikuwa kosa. Kila kampuni ina masharti yake: AT&T simu iwe imelipwa yote na imekaa hewani siku 60, ile ya kulipia kabla ni miezi 6. T-Mobile ni siku 40, ya kulipia kabla mwaka mzima. Wengine someni masharti ya siku mnayonunua, maana yanabadilika. Ndiyo maana zile simu za bei poa za Tracfone na Straight Talk kule Walmart, dola 50 hivi, si rahisi kama zinavyoonekana. Zimefungwa, na saa inaanza kuhesabu siku unapowasha huduma. Ukiiweka kabatini mwaka mzima ukidhani inajifungua, haijifungui.

---

Wanjohi_MN

Sasa wadau. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota. Nataka kupelekea mamangu simu Nakuru Desemba. Nimepata iPhone 11 kwa jamaa mtandaoni bei imeshuka vibaya, anasema IMEI ni safi na nimeangalia ni safi kweli. Nichukue? Na huko nyumbani kuna shida yoyote airport?

---

Fundi_Aggrey

Ndugu Wanjohi, bei ikishuka vibaya jiulize kwa nini. Ujanja uliopo: mtu anachukua simu ya mkopo, analipa mwezi mmoja, anaiuza, anaacha kulipa. Siku unayoinunua IMEI safi. Baada ya muda kampuni inaiweka kwenye orodha nyeusi, haishiki mtandao tena huko, na wewe huna pa kumpata.

---

Kipanga_614

Hasa. Kukagua IMEI kunakuambia hali ya leo. Muulize akuonyeshe kwamba ililipwa yote, na "Carrier Lock" ni ushahidi mzuri kwa sababu simu yenye deni mara nyingi bado imefungwa. Mimi ningeongeza dola 30 ninunue kwenye masoko ya mtandaoni ya simu zilizotumika, Back Market wanakupa siku 30 za kurudisha simu, Swappa wanakagua IMEI kabla tangazo halijapanda.

Simu iliyo kwenye orodha nyeusi Marekani inaweza ikawaka Kenya au Tanzania, najua kuna watu watakuja kusema hivyo hapa. Inawaka, na ndiyo sababu soko la simu za wizi haliishi.

---

Wanjohi_MN

Nimeelewa, huyo jamaa namuacha. Na customs?

---

Pwani_Digital

Wanjohi, mimi niko Mombasa, nikusaidie hapo. Kuanzia Januari 2025 Kenya ilitaka simu zinazoingia zitambulike kwa IMEI ili zijulikane kama zimelipiwa ushuru, ila Mahakama Kuu ilibatilisha agizo hilo Julai 2025. Msafiri alitakiwa kuandika simu zake na IMEI kwenye ile fomu ya forodha F88 anapotua. Hata hivyo nakili IMEI kabla hujasafiri, wakiiuliza usianze kuitafuta kwenye foleni ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Na usije na boksi kumi ukasema zote ni za mama.

---

Fundi_Aggrey

Huku Tanzania TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, wenye kumbukumbu wanajua kilio cha siku ile. Ukipokea simu yoyote tuma IMEI kwenda 15090, itakujibu ni ya aina gani. Ikijibu modeli tofauti na unayoishika mkononi, usiilipie.

---

Binti_wa_Raskazone

Jamani mimi mwanafunzi, nipo Iowa. Nina Galaxy ya zamani ya Marekani, huru. Nataka kutoka kampuni moja ya kulipia kabla kwenda nyingine, lakini benki, chuo, kila kitu kimejiandikisha kwenye namba hii. Nikihama nitapoteza namba? Na mara ya mwisho niliweka laini mpya ya kampuni ndogo, simu ikapiga ila intaneti ikakataa kabisa, picha hazitumwi kwenye meseji.

---

Kipanga_614

Dada, namba ni yako, unahama nayo. Unahitaji vitu viwili kutoka kampuni unayoiacha: namba ya akaunti, ambayo si namba ya simu, na PIN ya kuhamisha, ambayo kwa wengi wao unaiomba ndani ya akaunti yako na inadumu siku chache. Unavipeleka kwa kampuni mpya, wao ndio wanavuta. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku moja ya kazi, mara nyingi dakika tu. Usifute laini ya zamani kwanza. Ukifuta, namba inarudi kwenye bwawa la kampuni na kuipata tena ni bahati. Na kifurushi chako kisiwe kimeisha muda siku unahama.

Usije ukashawishika kuipeleka namba ya benki kwenye zile namba za bure za intaneti. Benki nyingi za huku hazitumi msimbo wa siri kwenye namba za namna hiyo, utajifungia nje ya hela zako.

Hilo la intaneti ni APN, jina la njia ambayo simu inaingilia intaneti ya kampuni. iPhone inajipanga yenyewe, Android za zamani zilizotoka kampuni fulani hazijui kwamba sasa ziko nyumba nyingine. Settings, Connections, Mobile networks, Access Point Names, ongeza mpya. Kwa Mint na Tello neno la kuandika ni wholesale, herufi ndogo. Kampuni nyingine wana ukurasa wenye maelezo yao, jaza na sehemu ya MMSC kama wameitaja, ndiyo inayobeba picha. Hifadhi, chagua hiyo mpya, zima uwashe.

---

Binti_wa_Raskazone

Kaka nimeandika wholesale hapa hapa nikiwa nasoma, intaneti imeingia!! Picha bado.

---

Kipanga_614

Rudia ile sehemu ya MMSC, nafasi moja tu ikizidi inakataa. Nakili moja kwa moja kutoka ukurasa wa kampuni, usiandike kwa mkono.

---

Mzee_wa_Bili

Haya tajeni bei basi. Watu wanasoma uzi mrefu hela haijatajwa.

---

Kipanga_614

Bei zinahamahama, kwa hiyo chukueni kama mwelekeo. Mint wanajulikana kwa dola 15 kwa mwezi, lakini soma maandishi madogo: ya mwanzo unalipa miezi 3 kwa mkupuo, yaani 45, na ili ubaki kwenye 15 baada ya hapo inabidi ulipie mwaka mzima. Juu yake kuna kodi. Tello unapanga mwenyewe dakika na data, mtu anayekaa kwenye Wi-Fi kutwa anaweza kwenda chini ya dola 10, na hulipi kwa mkupuo. Visible kodi imo ndani ya bei, ukiona 25 ni 25.

Simu yenyewe: nikipewa dola 150 leo kwa ajili ya ndugu anayefika kesho, nanunua iPhone XR. Ya 2018, ina tundu la laini na eSIM pamoja, na tofauti yake na 8 au X ni bendi ya 71, ambayo wenzake hao hawana. Mjini hutaiona tofauti. Toka nje ya mji kwenye mashamba ukiwa laini ya T-Mobile, mwenye XR anaongea, mwenye X anatafuta mnara. Masasisho ya iOS ya XR yameishia 18, kwa hiyo siyo ya miaka kumi ijayo. Anayetaka kukaa nayo muda mrefu aongeze hela aende 11.

Afya ya betri muulize muuzaji. Chini ya asilimia 80 omba punguzo la bei ya kubadilisha.

---

Wanjohi_MN

Na kama mtu hajui mtandao upi unashika kwake? Mimi kwa basement ya kazi ni shida tupu.

---

Kipanga_614

Faida ya eSIM iko hapo. Mint na Visible wamekuwa wakitoa majaribio ya bure kwa eSIM, unapakua programu yao, unajaribu siku kadhaa huku laini yako ya kawaida imo. Simu iwe huru na iwe na eSIM, XR kwenda juu. Kwa basement lakini, washa Wi-Fi Calling kama kazini wanaruhusu Wi-Fi yao. Itakuomba uweke anwani yako kwa ajili ya 911, weka ya kweli, na ukihama nyumba kaibadilishe, maana gari la wagonjwa linaweza kwenda kwenye ile uliyoandika.

---

MamaFuraha_Lex

Ndugu Kipanga, kijana wa kanisa amenipatia XR ya dada yake. Tumeangalia ile "Carrier Lock", inasema "No SIM restrictions". Tumeweka laini, nimepiga ya kawaida na LTE haikutoka. Shule nimewapatia namba. Sasa ile Tecno niitupe?

---

Kipanga_614

Usiitupe Mama. Toa laini, iache kwenye Wi-Fi ya nyumbani, WhatsApp inaweza kukaa humo kwenye namba yako ya Tanzania kama bado ipo hai, watu wa Kigoma wakupate kule kule walikozoea. Ila waambie watoto wazi kwamba hiyo haipigi 911, na ile XR ikae mahali wanapoifikia.

---

Fundi_Aggrey

Na ile laini ya Tanzania iwekewe vocha kidogo mara moja moja, isipotumika muda mrefu inafungwa na namba wanapewa wengine. Mwachie mtu Kigoma aitunze kwenye kitochi.